Vali ya chumba chetu

Jumanne, Juni, katikati ya majira ya baridi. Troyeville.

Na kesho asubuhi mabomba yatajazwa maji tena. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Boila mpya ya nyumba, ya kuchemsha maji ya kupasha vyumba joto, imefungwa leo. Lakini vali, yaani koki ya kuingiza maji ya moto kwenye rejeta ya chumba chetu, imekwama ikiwa imezibwa tangu Mama alipoipaka rangi pamoja na ukuta ili kumpokea mchungaji. Fundi alishauri ibadilishwe sasa, mabomba yakiwa matupu, maana yakishajaa haitawezekana. Mwenye nyumba akakataa. Kwake boila inatosha.

Mama hajui Kiingereza, hivyo mimi ndiye mkalimani. "Umwambie bosi aksanti, tutavumilia tu," alisema, huku mdogo wangu Amani akikohoa mgongoni mwake.

Mimi badala yake nikamwambia mwenye nyumba kwamba mtoto anakohoa kila usiku, na tunaomba vali mpya.

Akajaribu kuizungusha. Haikusogea. "Eish," akasema, "nitaongea na fundi asubuhi."

Nilipomtafsiria jibu hilo, Mama alifurahi. "Unaona? Ukisema na watu muzuri, banasikia."

Hajui kwamba sikuyafikisha maneno yake. Fundi asipokuja na vali, nitaomba tena kwa maneno yangu mwenyewe, na safari hii nitamwambia Mama kwanza.