Kilemba Darini

Abudi wangu kaachiwa, wala si jasusi wa Mjerumani! Mdogo wangu Zena, salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lamu. Jana magharibi kijana alikuwa darini, akauona mwezi wa Idi kabla ya Mji wa Kale mzima, maana macho yale kayarithi kwangu. Akavua kilemba, akakipunga kuwaarifu majirani. Papo hapo askari hao mlangoni: eti aziashiria manowari za adui baharini! Wakamburura hadi kwa afisa wao Mwingereza, nami nyuma yao, buibui upande.

“Mama, rudi nyumbani,” aniambia.

“Sirudi! Bwana, bahari iko mashariki, na mwezi huandama magharibi. Ni jasusi gani huyo ampaye mwenziwe mgongo?”

Akatoka nje kutazama. Mwezi ule pale, mwembamba kama ukucha, wakaribia kuzama. Akacheka hadi akafuta macho, akamwachia.

Leo tumekula mkate wa sinia hadi Abudi, bwana arusi wetu, kanzu yambana. Mungu awaweke, nawaona moyoni kila saa. Arusi haikuvunjika: njooni nyote, Alhamisi ya pili ya mfungo mosi, mwezi huu ulioandama jana.