Simu Kabla ya Kengele ya Mvua

Mwalimu Kerubo,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya watoto, hapa Garissa, saa nane mchana, na karatasi hizi nimezichana kutoka daftari langu la mihadhara. Najua huwezi kujibu. Mimi na wewe hatukuwahi kusali namna moja, na sijui maneno huwafikiaje ninyi mliozikwa kwa nyimbo. Lakini nina jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia. Walio hai wamegawanyika: kuna wanaonilaumu, nao wana haki, na kuna wanaonitetea, na hao ndio wanaoniumiza zaidi.

Nimeiua kengele yako ya mvua, Mwalimu. Na nilikaribia kumuua mtoto.

Ngoja nianze mahali ambapo ningali ninaweza kukutazama usoni.

Nilikuwa darasa la tatu. Wewe ulikuwa na miezi miwili tu tangu uhamishiwe shule yetu ya Waberi kutoka Nyamira, na bado ulikuwa ukijifuta jasho kwa leso kila baada ya sentensi. Mvua ya kwanza ilipogonga mabati uliruka ukafunga madirisha, ukasimama mlangoni umetanua mikono. "Hakuna kutoka! Nani anataka nimonia hapa?" Darasa zima lilikuwa juu ya madawati. Na mimi, Ifrah, ambaye uliniita redio isiyozimwa, nilikosa maneno. Nililia tu. "Mwalimu, mfua itaenda! Wallahi itaenda!" Ukacheka, bila ubaya. "Ifrah, mvua itaenda wapi? Si itarudi kesho?"

Hakuna aliyecheka nawe. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akakueleza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya msalani: "Mwalimu, hapa hairudi kesho."

Ulitutazama. Sijui uliona nini. Ninachojua ni kwamba uliufungua mlango ule, ukavua viatu vyako mwenyewe, na ukawa wa kwanza kukanyaga matope.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo. Nimekaa katika kumbi ambamo watu wenye shahada tatu wanajadili haki ya mtoto kwa sauti ya kusinzia. Sijaona hoja iliyo nzito kuliko mlango ule uliofunguliwa. Nyanda za juu, mtoto anayefungiwa ndani wakati wa mvua amepoteza nusu saa. Huku kwetu amepoteza mvua. Huenda atapanda darasa kabla ya kuiona nyingine. Atajifunza kuisoma katika kitabu cha Sayansi, atachora mishale ya mvuke na mawingu, atapata alama zote, na hatajua harufu yake inapokuwa kwenye nywele zake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyosema mbele ya wazazi. Nilisema vizuri mno, Mwalimu. Laiti ningesema vibaya.

Lakini kwanza viatu. Ulikuja na utaratibu wako: kengele ya mvua, mapigo matatu ya haraka kwenye ule ukingo wa gurudumu unaoning'inia kwenye mwarobaini. Kila mtoto anavua viatu, anaacha cha kushoto kwenye mstari barazani, cha kulia anakiweka chini ya dawati. Tunacheza ndani ya mawe meupe, hakuna kuyavuka. Tukirudi, kila mmoja anachukua kiatu chake. Kiatu kikibaki, mtoto amebaki. Halafu leso kavu kutoka kabatini, na chai ya tangawizi uliyoipika mwenyewe kwenye jiko la makaa ukilalamika kwamba watu wa Garissa hawajui majani ya chai.

Kitu kimoja tu tulikichukia: simu yako. Mvua inaanza, sisi tunakufa madirishani, nawe umesimama kwenye pembe ya baraza na simu sikioni, umeziba sikio la pili kwa kidole. "Anaongea na bwanake," tulinong'onezana. "Anamwambia alete mwavuli." Siku nyingine uliikata simu, ukatikisa kichwa, ukatufungia barazani tu, tukaishia kunyoosha mikono kwenye maji ya paa. Tulikununia siku nzima. Nami nilikuwa mkuu wa kununa.

Tangu figo zako zikushinde, mengi yamebadilika. Walikusafirisha Nyamira nikiwa kwenye mitihani. Sikuja. Nimejiambia kwamba ni mitihani, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kusimama kando ya kaburi ambalo nisingejua nifanye nini mikono yangu. Nimeambiwa nyasi zimeshalifunika. Huko kwenu nyasi haziombi ruhusa.

Shuleni akaja mwalimu mkuu mpya. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Wiki ya kwanza ya mawingu alibandika tangazo kwamba hakuna mwanafunzi atakayetoka nje wakati wa mvua kwa sababu yoyote. Akina mama wengi walimuunga mkono. Mama Sumaya alisimama kwenye mkutano akiwa na mtandio wa kijani, akasema, "Mimi nanunua maji kwa punda. Hiyo matope nani atafua? Na kifua ya mtoto ikishika, nani atalala na yeye hosibitali?" Watu wakacheka, wakampigia makofi.

Nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Unajua chuoni nimekuwa nani? Mimi ndiye wanayempa kipaza sauti bila kumuuliza atasema nini. Nimeongoza maandamano kuhusu maji ya bwenini, kuhusu karo, kuhusu wenzetu waliofukuzwa. Nikasimama mbele ya wazazi wale wa Waberi kana kwamba nimesimama juu ya meza ya kantini. "Mnaomba mvua misikitini," niliwaambia, "mnaiomba makanisani, halafu ikija mnawafungia watoto ili wasiiguse! Mnamwogopa nani? Mnaificha baraka kwa nani?" Ukumbi ulinyamaza. Mama Sumaya alikaa chini. Mwalimu mkuu akafuta miwani yake na kusema basi tujaribu, ila kwa sharti moja: Ifrah awepo, Ifrah asimamie.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mvua ilikuja siku nne baadaye, kipindi cha pili baada ya mapumziko. Ilikuwa nyepesi, Mwalimu, manyunyu ya adabu kabisa, jua likichungulia. Niliikimbilia kengele mwenyewe. Niligonga mapigo matatu na nilisikia, naapa, nilisikia miaka yangu yote ikirudi. Watoto wakamwagika nje. Sikuwaambia kitu kuhusu viatu, nilikuwa nimesahau viatu, nilikuwa nikipiga kelele "Nendeni! Ni yenu!" Lakini wale waliowahi kuwa mikononi mwako hawakusahau. Walivipanga vya kushoto barazani bila kuambiwa, na wadogo wakawaiga.

Unaijua laga iliyo nyuma ya shule, lile korongo la mchanga lililo kavu karibu mwaka mzima. Wale wadudu wekundu wa mvua, wenye mwili kama mahameli, walikuwa wametoka kwenye mchanga wake. Watoto wa gredi ya pili waliwafuata. Mawe meupe yamefunikwa na vumbi siku nyingi. Hakuna aliyeyapaka chokaa tangu uondoke, na mimi niliyekuja kurudisha enzi yako hata kuyatazama sikuyatazama. Uzio una pengo. Walipita.

Kisha nikasikia sauti ambayo kila mtu wa huku anaijua, ile ngurumo ya chini isiyotoka mbinguni. Juu yetu kulikuwa na manyunyu. Lakini kule juu ya laga, kwenye vijiji vilivyo mbali, mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na maji yalikuwa yakishuka wakati wote nilipokuwa nikigonga kengele.

Nilipiga mayowe. Watoto wakakimbia kurudi, wakapanda baraza, kila mmoja akachukua kiatu. Nikaanza kushukuru. Ndipo nikakiona: kiatu kimoja cha bluu, kidogo, kamba yake imefungwa kwa uzi, kimebaki peke yake kwenye saruji.

Sumaya. Wa miaka saba. Mtoto wa mama mwenye mtandio wa kijani.

Mwalimu, siwezi kuandika yote. Mwenye mkokoteni wa maji alimkuta chini kidogo, amenaswa kwenye matawi ya mathenge, miba imemshika nguo na mkono, na hiyo miba tunayoilaani kila siku ndiyo iliyokataa kumwachilia achukuliwe na maji. Kama kiatu kile kisingebaki, tungejua saa ngapi? Wewe uliye kaburini ulimhesabu. Mimi niliye hai, nilikuwa nikishangilia.

Ana siku tatu hapa. Maji yaliingia kifuani na sasa ni nimonia. Neno ulilotutishia nalo limeandikwa kwenye kadi yake. Anapumua kwa msaada wa mpira puani. Daktari anasema anaelekea pazuri, lakini hasemi huku akinitazama. Mama Sumaya hajanitukana. Jana aliniambia tu, "Ifrah, wewe maneno unayo mingi. Mtoto mimi niko na huyu moja." Redio imezimwa.

Asubuhi ya leo alikuja mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, ameshika kibuyu cha maziwa ya ngamia. Halima, anaishi kule juu ya laga, maziwa yake huuzwa soko la hapa mjini. Alimsalimu mama wa mgonjwa, akasoma dua, kisha akauliza ni nani aliyegonga kengele. Nikasimama. Akanitazama bila hasira.

"Yule mwalimu wa Kisii alikuwa ananibigia simu," akasema. "Kila mfua. 'Halima, kwenu imenyesha?' Nikisema imenyesha, anasema basi, leo watoto hawatoki. Wewe hukunibigia."

Wewe hukunibigia.

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Simu ile! Simu tuliyoichukia, tuliyoifanyia mzaha wa bwana na mwavuli! Kumbe wewe, mgeni, mtu wa milima, ulijifunza jambo ambalo mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka laga nililijua na nikalisahau: kwamba huku mvua inayoua si ile inayokunyeshea, ni ile iliyomnyeshea mwenzako. Ulitafuta mtu wa kumuuliza. Hukutuambia. Mbona hukutuambia, Mwalimu? Ulituachia furaha, ukabeba hofu peke yako, na ulipokwenda ukaenda nayo. Nami nikarithi nusu ya kazi yako nikidhani ni yote. Nimekukasirikia kwa hilo leo, karibu nusu saa nzima. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kukuuliza ulikuwa ukimpigia nani.

Kesho asubuhi bodi ya shule inakutana. Mwalimu mkuu atapendekeza marufuku ya kudumu, kengele ya mvua iondolewe mtini, na mlango wa nyuma unaoelekea laga uzibwe. Watapitisha. Nani atapinga? Jina langu ndilo hoja yao. Wenzangu wa chuoni wananitumia ujumbe: usikubali lawama, sema uzio ulikuwa mbovu, sema ni uzembe wa shule. Wameniandalia hata hotuba. Ni nzuri. Ningeweza kuisoma na ukumbi ukanyamaza tena.

Sitaisoma. Nimechoka kunyamazisha kumbi.

Bado naamini ulichoamini, na hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa nimebadili mawazo, ningelia na kulala. Lakini nawaona wale mia tatu waliopanga viatu vyao bila kuambiwa, na najua kwamba kuanzia kesho watafundishwa kuiogopa mvua katika nchi inayoililia, na aliyewafundisha ni mimi.

Inanyesha sasa, Mwalimu. Imeanza nilipokuwa nikiandika mstari huo wa juu. Mabati ya wodi yanalia. Kupitia dirishani namwona Sumaya amegeuza kichwa. Ni mara ya kwanza leo. Shule ni mtaa wa pili kutoka hapa, na hakuna kengele. Nimesikiliza, nimetega masikio mawili, hakuna.

Nimempigia Halima kwa namba aliyoniachia asubuhi. Nimesimama kwenye pembe ya ujia, nimeziba sikio la pili kwa kidole.

"Kwenu imenyesha?"

"Hata tone hakuna," amesema. "Kukavu kabisa. Toa watoto."

Nimebaki na simu mkononi. Leo ni salama, Mwalimu. Leo ilikuwa salama kabisa, na wamefungiwa.

Kesho nitaingia kwenye kikao hicho na kiatu cha bluu mkononi na namba ya Halima kwenye karatasi. Nitasema: mimi ndiye niliyegonga bila kuuliza. Nitamwomba Mama Sumaya msamaha mbele ya wote, bila hata neno moja la kuupamba. Kisha nitaomba wasiing'oe kengele. Waiache mtini, hata bila mtu wa kuigonga, mpaka wapate mtu wanayemwamini. Si lazima awe mimi. Wakikataa, nitayapaka mawe yale chokaa na kuondoka.

Lala, Mwalimu wangu, chini ya mvua yako isiyoisha. Nakuahidi hili, na ndilo pekee nililo na uhakika nalo: kila mawingu yatakapokusanyika juu ya Waberi, popote nitakapokuwa, nitapiga simu kwanza. Hata kama hakuna mlango wa kufungua.

Mwanafunzi wako wa dawati la mbele,
Ifrah