Usiipandishe Mbooni Kwanza

Gereji ya Muthama,
Mwingi.
Jumatano, 18 Agosti 1999.

Kwa ndugu yangu Kilonzo,

Pokea salamu za dada yako, wewe na Mumbua na watoto, na wale ng'ombe wawili pia kama bado wanapata maji. Mwaitu anakusalimu sana. Jicho alilofanyiwa upasuaji Kitui linaona vizuri. Juzi aliniangalia kutoka juu mpaka chini akaniambia gauni langu limechujuka, kwa hivyo ujue mama yetu amepona. Huku Mwingi ni jua na vumbi, na mbuzi ni wengi kuliko watu. Nzioka wetu amebaki shuleni likizo hii na hajaandika, lakini watoto wa siku hizi unawajua. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ndipo sijui nikuambie nini.

Kilonzo, kabla sijaenda mbali. Kama pikapu yako iko nyumbani, chomoa ufunguo umpe Mumbua aufunge kwenye leso yake. Kama umempa mtu, mtume kijana wa baiskeli akamsimamishe. Usiipandishe mlima wa Mbooni. Usiniambie ni mzigo mdogo tu, ni machungwa ya jirani tu. Najua saa hii umekunja uso unasema Ndila ameanza tena mambo yake ya uoga. Ndiyo, naogopa! Tangu jana nimejaribu simu ya duka la hapo Tawa, inaita tu, hakuna wa kuishika. Soma mpaka mwisho, halafu unicheke kama utaweza.

Nianze na shemeji yako Muthama. Sifa zake unazijua, kwa sababu wewe mwenyewe ndiwe ulizitangaza huko kwenu. Kuanzia Kabati mpaka huku barabara ya Garissa, mwenye gari la dizeli lenye tabo anajua atampelekea nani. Na hizi pikapu mpya zinazotoka Japani zina tabo ya ajabu, ile feni inayozungushwa na moshi ili iisukumie injini hewa. Ndani yake kuna vidirisha vidogo vya chuma vilivyopangwa duara, vinafungana na kufunguka vyenyewe. Vikifungana, moshi wa injini unabanwa na kupita kwa nguvu, kama maji ya mpira ukibana mdomo wake kwa kidole, na gari linapata nguvu hata likiwa linatambaa mlimani. Vikifunguka, tabo inapumua. Sasa kuna skrubu moja ndogo inayoamua vifungane mpaka wapi. Ukiilegeza mno gari linakuwa zito kama limebeba mawe. Ukiikaza mno tabo inazunguka kupita uwezo wake, na huko ndiko kwenye kifo.

Muthama hana mashine ya kupimia mambo hayo. Ana geji ya upepo wa tairi aliyoiunganisha na kipande cha mpira, na geji yenyewe unajua huwa inasema ukweli ikitaka. Kazi yote ilikuwa ya masikio. Tabo ikiwa sawa inapiga mluzi mwembamba, ikizidi mluzi unageuka kilio. Mimi hukaa kwenye usukani nikikanyaga mafuta, yeye anainama ndani ya boneti na bisibisi yake. Tumefanya hivyo tangu nilipoolewa.

Ndugu yangu, Muthama hasikii.

Sijui ilianza lini. Kanisani alikuwa anaendelea na ubeti sisi wengine tumeshanyamaza, nikadhani ni Roho amemshika. Nyumbani namwambia chumvi imeisha, ananijibu kwamba ndiyo, watakuja Jumapili. Sokoni walevi wakimtukana anapita tu na uso mtulivu, hata hageuki, mpaka wazee wakasema huyu ni mtu mpole asiyejibu upuzi, wakamfanya mzee wa kanisa. Upuzi wenyewe hakuwa ameusikia! Siku hiyo nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakanitoka, halafu yakawa machozi ya kweli.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Wewe unamkumbuka mwaitu alivyotulea. Mume hasahihishwi mbele ya wageni, na gerejini wageni hawaishi, kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Na utamwambiaje mtu anayekula kwa masikio yake kwamba masikio yameondoka? Kwa hivyo nikaanza kuinua mkono. Mluzi ukifika pale pazuri natoa mkono dirishani, naye anaacha kukaza. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Hakuuliza mkono ni wa nini, nami sikueleza. Magari yakatoka yakiwa mazuri, wenye magari wakashukuru, nikaona basi, Mungu ametufungulia njia.

Jana asubuhi akaja Yakub, yule mfanyabiashara wa mbuzi. Pikapu yake ilikuwa imekosa nguvu, na barabara ya Garissa si ya kwenda bila nguvu. Huko mbele wenye bunduki hawangoji mtu abadilishe gia. Muthama akafungua tabo, akatoa masizi yaliyokuwa yameshika vidirisha, akasafisha, akarudisha. Chujio la hewa alikuwa bado hajalifunga, mdomo wa bomba la kuvutia hewa ulikuwa wazi. Nikapanda, nikawasha, nikaanza kukanyaga pole pole kama anavyopenda.

Mluzi ukaja. Ukafika pale pazuri. Nikatoa mkono.

Sasa jasho lilikuwa limemwingia machoni, kichwa amekiinamisha, anafanya kwa kupapasa. Mkono wangu uko nje na yeye anakaza. Nikaupunga. Anakaza. Mluzi ukageuka kilio, nikatoa mguu kwenye mafuta na nikaita, Baba Nzioka! Baba Nzioka, acha! Nikaita kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe. Hakuinua kichwa.

Kitu kikapasuka huko ndani. Moshi mweupe ukajaa gereji yote, na injini ikaanza kupanda yenyewe. Mimi mguu wangu uko sakafuni, Kilonzo, sigusi kitu! Nikazima. Haikuzima. Nikachomoa ufunguo, nikawa nimeushika mkononi hivi, na injini bado inapanda, inalia kama mnyama anayechinjwa vibaya. Muthama alikuja kunieleza baadaye kwamba tabo ikivunjika inamwaga oili ndani ya injini, na injini ya dizeli ikionja oili yake yenyewe haitaki tena dizeli wala ufunguo. Inakunywa mpaka imalize au ipasuke. Saa ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba shetani ameingia kwenye gari.

Niliwahi kumsikia akiwafundisha madereva kwamba gari likigoma kuzima, uweke gia kubwa, ukanyage breki, uachie klachi. Lakini yeye alikuwa amesimama mbele ya gari, mkono mmoja ndani ya boneti, akinitazama kwa hasira na kunifanyia ishara nipunguze mafuta. Alidhani ni mimi! Namwambia toka, toka hapo mbele, anazidi kunikunjia uso. Ningeachia klachi na breki zikashindwa, ningemkandamiza mume wangu ukutani kwa mguu wangu mwenyewe. Nikamwonyesha ufunguo. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Sitausahau uso huo.

Nikaruka chini. Miguuni nilikuwa na akala, zile ndala za tairi unazonicheka nazo. Nikavua moja nikaibandika kwenye mdomo wa lile bomba la hewa kwa viganja vyote viwili. Ilivutwa kwa nguvu mpaka nikadhani vidole navyo vinaingia. Injini ikakohoa, likatetemeka gari zima, ikafa. Nikakaa chini kwenye mafuta nikalia kwa sauti, mke wa mzee wa kanisa, watu wote wa stendi wakiniangalia.

Yakub hakugombana. Alisema chuma ni chuma, kitanunuliwa kingine. Lakini aliniita kando akaniambia, Mama Nzioka, wewe ulimwita mumeo nikakusikia mimi niliyekuwa ng'ambo ya barabara nikinywa chai, na yeye alikuwa mbele yako hapo. Kisha akasema kwa upole kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba siku hiyo kifo kilikuwa kimeshapiga hodi.

Tulifunga geti mchana huo huo. Nikasimama mbele ya Muthama, nikamshika mashavu ili aone mdomo wangu, nikamwambia, husikii. Nilidhani atakasirika. Akasema anajua. Akasema mkono wangu aliuelewa tangu siku ya kwanza, na alikuwa anaona haya kunishukuru, kwa sababu akinishukuru itabidi tuseme ni kwa nini. Mkono ukichelewa huwa anaweka mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa taya na kusikiliza mtetemo. Taya lilimwambia gari la Yakub liko sawa kabisa.

Halafu akaniuliza siku ile alipotengeneza pikapu ya Kilonzo mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa Kitui na mwaitu, hospitalini. Wewe unajua, kwa sababu ulinikosa ukaniachia zile ndengu. Nikamuuliza nani alikaa kwenye usukani. Akasema ni wewe mwenyewe. Nikamuuliza basi, kama hapakuwa na mkono dirishani, ulijuaje pa kuachia skrubu? Akasema, nilikuwa naangalia uso wa shemeji. Kilonzo alikuwa anacheka. Nilikaza, akacheka zaidi, nikajua mluzi umefika pazuri.

Kilonzo wewe! Wewe ulikuwa unachekea nguvu! Ungecheka hata kama ingekuwa inaunguruma kama ndege. Na mtu asiyesikia amekaza skrubu kwa kufuata meno yako!

Ndipo nikakumbuka ile salamu uliyomtuma utingo wa basi, kwamba pikapu sasa inapanda Mbooni na gia ya tatu ikiwa na mzigo, na inalia mpaka watoto wa shule wanatoka madarasani kuitazama. Nilipoipokea niliisimulia hapa kwa maringo. Jana niliikumbuka nikahisi baridi mwilini kwenye jua la Mwingi. Tangu hapo naiona ile kona ya juu, ile yenye bonde upande wa kushoto, na wewe umekaa hapo na ufunguo mkononi na injini haitaki kuzima. Kila basi linalosimama hapa stendi natoka mbio nikidhani limeniletea habari yako.

Sasa kuhusu huyu aliyekuletea barua hii. Najua yuko hapo, amekaa kwenye kiti ulichompa, anajifanya anaangalia kuku. Najua pia umemwuliza habari za safari naye amekujibu kwamba mvua bado. Usimcheke, na usimpigie kelele majirani wakajua. Ni yeye mwenyewe aliyeniomba niandike. Alisema, mwandikie yote, nikianza kusema mimi ataniuliza maswali na sitayasikia, nitaonekana mwongo mbele ya shemeji yangu. Nilitaka kuja naye lakini jicho la mwaitu bado linahitaji dawa na haliachwi. Nilimwambia barua apewe dereva yeyote wa basi. Akakataa. Alisema aliyeikaza ndiye atakayeilegeza, na hakuna fundi mwingine atakayeigusa.

Ukiongea naye, kaa mbele yake na useme pole pole. Washa gari wewe, mkono wako uwe nje ya dirisha, na ukisikia mluzi inua papo hapo, usichelewe kwa kupenda raha ya nguvu. Na huo uso wako ukaze kama uko matangani. Usionyeshe jino hata moja.

Kuna jambo la mwisho ambalo nimejaribu kumkataza nikashindwa. Akimaliza, hatakubali uijaribu Mbooni peke yako. Amesema mara ya kwanza atapanda nawe, akae kando yako mpaka juu. Alisema kama amekosea tena, asirudi nyumbani kunieleza. Nilimpigia magoti, Kilonzo. Alinitazama tu kama mtu asiyesikia, na safari hii alikuwa amesikia vizuri.

Kwa hivyo nitakuwa na nyinyi wawili kwenye mlima huo na mimi niko hapa nampaka mwaitu dawa. Mwaitu sijamwambia. Ananiuliza kwa nini naangalia barabara, namwambia ni vumbi. Mkishafika chini salama, tafadhali nitumieni neno kwa basi la kwanza, lolote, hata kama utingo atasema tu kwamba wamekula chakula cha mchana pamoja. Hilo litanitosha.

Msalimu Mumbua, mwambie asilegeze fundo la leso mpaka fundi aseme yuko tayari. Wabusu watoto. Wasalimu wote wanaotuuliza huko Tawa, na uwaambie tuko salama, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoomba.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukuogopea,

Ndila Muthama