Nyumba ya Geti Jeusi

Jumamosi, 30 Novemba 2024

Mwenye nyumba anamwozesha mwanawe, anataka vyumba vyake. Mwaka ukiisha tuwe tumetoka Maili Moja. Haya! Mume wangu Zubeir anataka pasiwe mbali na kazi yake Dar. Binti yetu Hajra anaingia darasa la saba, anataka shule ya maana. Mimi nataka mahali ambapo mama akitoka nje atarudishwa. Jana kapotea tena. Nilimkuta kwa muuza mkaa, kakalia gunia, ananiuliza mimi ni wa nani. Mimi, Fadhila, kitinda mimba wake! Nimelia jikoni.

Jumapili, 8 Desemba 2024

Pangani, hii ya hapa karibu na Maili Moja. Nyumba nzuri jamani — marumaru, maji ndani, ukuta, geti jeusi. Kodi imechangamka, na wanataka ya miezi sita kwa mkupuo. Shule iko nyuma tu ya nyumba. Hajra kaona madawati mapya, kanifinya mkono. Mtaa kimya, mageti yote yamefungwa. Nikamuuliza dalali, majirani wakoje? Akasema raha ya hapa hakuna anayekufuatafuata. Zubeir kafurahi kweli. Mimi nilikuwa namwangalia mama.

Jumanne, 17 Desemba 2024

Mzenga, huku Kisarawe. Kodi ya mwezi mmoja ya Pangani, huku unakaa karibu nusu mwaka. Hakuna marumaru. Maji ya kisima. Shule ni mwendo, na tumeambiwa watoto wanabanana kwenye madawati. Hajra kanuna njia nzima. Zubeir kauliza ataamka saa ngapi kwenda kazini, akajijibu mwenyewe kwa kuguna.

Tunaoneshwa choo, kugeuka — mama hayupo! Nikaanza kumwita kwa sauti. Mwenye nyumba, Bi Mwamvita, wala hakushtuka. Akasema tulia mwanangu, huku mgeni hapiti bila kuulizwa ni wa nani. Kweli bwana! Hata chai hatujamaliza, kaletwa. Mzee mmoja kamshika mkono, nyuma yao akina mama wawili, na mama kakumbatia mihogo aliyopewa, anacheka. Ananiambia hawa wote ndugu zetu. Sijamwona akicheka hivyo tangu baba afariki.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Tumehamia Pangani. Zubeir kanishinda kwa maneno, Hajra kwa machozi. Nami nisiwasingizie, hayo marumaru niliyataka. Bi Mwamvita kapiga simu kutusalimia. Kasisitiza twende haraka tukajitambulishe kwa mjumbe wa mtaa, na mama tumpeleke, aonekane sura. Nitaenda. Nimalize kwanza kushona mapazia.

Jumatano, 15 Januari 2025

Mama hayupo.

Nilitoka kufuata vitunguu dukani, geti sikulikomea. Kurudi, liko wazi. Nyumba ya kulia nimegonga — mbwa tu. Ya kushoto dada mmoja kachungulia kwenye tundu la geti, kanipa pole, kasema hakujua kama kuna bibi anaishi hapa. Nikataka kumkasirikia. Kwani mimi jina lake nalijua?

Zubeir kaenda msikitini watangaze kwenye kipaza sauti. Nimesikia mpaka hapa. Bibi mfupi, kanga ya kijani, anaitwa Bi Tunu, atakayemwona ampeleke kwa mjumbe. Mjumbe! Zubeir kampa namba yangu, naye kanipigia. Sauti ya upole. Kauliza nyumba ipi, nikasema ile ya geti jeusi. Akasema mwanangu, mageti meusi huku yamejaa, wewe ni wa nani? Kwake kujitambulisha sijaenda. Mapazia yenyewe hata sijayamaliza.

Magharibi imeingia. Nimeambiwa nisitoke, huenda akarudi mwenyewe. Kukaa tu siwezi, ndiyo naandika. Ee Mungu, asivuke ile barabara kubwa!

Bi Mwamvita kapiga sasa hivi. Nilimpigia alasiri, maana mama kila siku anasema anataka kurudi kwa ndugu zake wa Mzenga, nikahofia kapanda gari. Kasema hajafika, lakini nisikate tamaa. Watu wa huko Mzenga wameshagawana njia. Wengine wamesimama kituoni, kila gari likishusha wanaangalia. Yule mzee yuko nao, na tochi yake.

Nimechungulia dirishani. Mtaa wetu taa zote zinawaka. Nje hakuna mtu.