Mwanangu Halishwi Kiporo

Nyumbani kwetu, meza ya jikoni,
Jumapili mchana, watoto wamelala.

Mpendwa Dada,

Kwanza niwie radhi. Barua yako ilinifikia kabla mvua hazijaanza, na leo ndiyo kwanza nashika kalamu. Usidhani nimekusahau. Nikitoka kiwandani kushona mashati ya watu, mdogo ananyonya, mkubwa ananiamrisha, na siku imekwisha.

Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Na Shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Sisi hapa ni wazima kwa jina tu. Mdogo ameota meno na anayajaribia kwangu. Mkubwa, yule tunayemwita Meneja, siku hizi anatukagua mikono kabla hatujala.

Nasema kwa jina kwa sababu mume wangu si mzima. Alishikwa na kizunguzungu ghalani, akiwa juu ya ile mashine yake ya kunyanyulia mizigo. Daktari wa kazini akampima, presha iko juu. Akampa dawa, akamwambia aache chumvi na mafuta, apimwe tena Ijumaa ya wiki inayofuata. Isiposhuka, hapandi tena mashine. Na wewe unamjua. Kumshusha pale ni kumkata miguu.

Lawama ilikuwa yetu sote. Chakula cha usiku tulikuwa tunanunua njiani, viazi vya kukaanga na nyama inayoogelea kwenye mafuta, maana nikifika nyumbani hata kumenya kitunguu naona mlima. Nikakumbuka ulivyonieleza kwamba unapika siku moja mnakula wiki. Nikasema na mimi nijaribu.

Jumapili iliyopita nilisimama jikoni tangu chai ya asubuhi, mdogo mgongoni. Nilichemsha maharage na dengu, nikaoka kuku bila ngozi, nikamenya maboga, nikakata karoti na kabichi. Mahali pa chumvi nikaweka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Nikapakia kwenye yale makopo uliyonitumia, kila kopo nikalibandika jina la siku yake. Friza ilijaa ikapendeza kama duka. Nilijiona mwanamke kati ya wanawake, Dada, nikakaa chini nyayo zinawaka moto.

Jumatatu tulikula vizuri. Mume wangu alikunja uso, akasema dengu zinamkumbusha wodini, lakini alimaliza na kijiko akakiramba. Meneja akampigia makofi.

Jumanne akaja mama mkwe kututembelea. Nilimpokea kwa mikono miwili, maana pamoja na ukali wake wajukuu anawapenda, na mimi hajawahi kuninyima neno zuri. Akafungua friza kutafuta maji ya baridi.

“Hii Alhamisi iliyoandikwa hapa ni nini, mkwe wangu?”

“Chakula cha usiku cha Alhamisi, mama.”

“Kimepikwa lini?”

“Jumapili.”

Aliufunga mlango wa friza taratibu, kama anayefunika maiti. “Masikini mwanangu! Yaani analishwa kiporo kwa ratiba! Mwanangu halishwi kiporo mimi niko hai.”

Nikamtazama mume wangu aseme neno. Alikuwa anatafuta kiatu, na kiatu kiko mguuni.

Jumatano narudi kutoka kazini, harufu ya mafuta inanipokea ngazini. Nyama inakaangwa, makopo yangu yameoshwa yamepinduliwa yakauke. Chakula changu chote mama kawagawia mafundi wanaojenga nyumba ya jirani. “Wamekula, wameshukuru,” akaniambia. “Na mwanangu leo anakula cha moto.” Na huyo mwanawe kakaa mezani, kidevu kinang'aa mafuta!

Damu ilinichemka. Kwa mama nilimeza, ila mume wangu nikamwita chumbani.

“Mbona humwambii mama yako kwamba ni daktari aliyekukataza?”

“Nitamwambiaje? Ataona nakwenda njia ya baba.”

“Na kuhusu makopo, umemwambia nini?”

Akaanza kukunja nguo zilizokwisha kunjwa.

“Umemwambia nini, Baba Meneja?”

“Nilimwambia tu kwamba... siku hizi umechoka na jiko.”

Umesikia, Dada? Mimi niliyeungua mvuke na mtoto mgongoni nimefanywa mvivu, ili yeye aonekane mzima! Na mama alikwishapita mlango kwa mlango kuwasimulia majirani. Kumbe ndiyo maana mama wa ghorofa ya chini aliniuliza kama naumwa mikono. Usiku ule na uliofuata wao walikula cha moto. Mimi nilikula mkate mkavu na hasira zangu.

Ijumaa akapimwa. Presha imepanda kuliko ya kwanza. Wamemnyang'anya ufunguo wa mashine, wakampa ufagio, mpaka atakapopimwa tena. Alivyoingia nyumbani, hata Meneja hakumwamrisha.

Nakwambia kweli, sikumhurumia. Nilimkalisha mbele ya mama yake, nikasema: “Sema. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi sitapunguza.” Akasema, macho sakafuni.

Nilitegemea mama apige kelele. Hakupiga. Alimpokea mdogo kutoka mapajani mwangu. Kisha akamgeukia mwanawe: “Baba yako naye alinificha presha yake. Nikamkaangia hivyohivyo mpaka mwisho. Sasa na wewe unataka nikuue kwa mwiko wangu?”

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikuwa anatafuta kifo kimuumbue mikononi mwa mama yake mzazi.

Leo asubuhi mama alinitangulia jikoni, anakata karoti huku amenuna. Bado anakiita kiporo, ila sasa ni kiporo cha dawa. Kuhusu majirani, nimemwambia mume wangu apite yeye, mlango kwa mlango, aeleze nani alichoka na nini. Amekwisha maliza ghorofa ya chini.

Nampenda, na naogopa kumpoteza, ndiyo maana nimekasirika hivi. Lakini sijamsamehe, na tafadhali usiniandikie nimsamehe. Nitasamehe nikiwa tayari.

Nisalimie sana Shemeji, na binti yako mpenda hesabu, na shangazi mkionana. Mama mkwe anakusalimu, na ameniomba nisikuandikie alichofanya. Nimekwisha andika.

Mungu ailinde nyumba yako, akupe mgongo wa kuinama na wa kuinuka.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira nyingi na mapenzi yasiyopungua.

Ukipata mtu wa kuja huku, bado nahitaji hivi: vifuniko vya yale makopo makubwa, maana mafundi walirudisha makopo matupu bila vifuniko. Karatasi za gundi zisizobanduka kwenye barafu. Yale majani makavu uliyosema yanaifanya chumvi isahaulike. Na kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Hicho hata kama utaacha vingine vyote, usikiache. Namba nataka kuziona kwa macho yangu, maana kwa mdomo wake bado siamini.