Foleni Moja ya Wagonjwa Wote

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kidonda cha mguu kinafunga. Mimi mzima, ila nimechoka hoi bin taaban. Wakubwa wameunganisha kliniki: sukari, presha na virusi vya Ukimwi, vyote siku moja, chumba kimoja. Daktari amehamishwa. Sisi wauguzi tumepewa semina ya siku tano na kalamu mbili, na sasa tunapima, tunaandika dawa, tunashauri. Jana nimehudumia watu sitini na wanne. Mpango wenyewe si mbaya, mwenye magonjwa mawili haji tena mara mbili. Ila mikono haikuongezwa.

Nasikia na huko wameanza. Umeenda?

Mwanao

19 Machi

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Hatujambo kiasi. Pole na kazi, na ule ushibe.

Kliniki sijaenda wala siendi. Benchi ni moja, dirisha la dawa ni moja. Mke wa fundi cherehani alikaa pale asubuhi, kufika jioni mtaa ulikuwa umeshamzika kwa maneno. Mimi mjane, nimejitunza miaka kumi na moja, leo nikakae na wale watu isemwe na mimi nimo? Vidonge vya sukari vilivyobaki nameza leo, naruka kesho. Usinipigie simu kwa hili, nyumba hii ina masikio.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Unaruka dawa? Kutwa nzima nawakanya wagonjwa wa watu wasiruke, kumbe wangu anaruka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi anasema nikiondoka chumba kinafungwa, maana mwenzangu yuko likizo ya uzazi.

Nijibu, tafadhali.

Mwanao

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu hujanijibu. Mdogo wangu ameniandikia kwamba vidole viwili vya mguu wako vimekuwa vyeusi na bado umegoma kutoka.

Basi nakwambia nililokuficha. Wale watu, mimi ni mmoja wao. Huu mwaka wa sita. Nameza dawa kila siku, nafanya kazi, nipo. Kabla mwenzangu hajaenda likizo, nami nilikaa kwenye benchi letu, kushoto bibi wa presha, kulia dereva wa sukari, nikasubiri zamu yangu. Kukuandikia hili naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ukiona haya kukaa nao, mama, unaona haya kukaa na mimi.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nimelia siku mbili, ya tatu nikaenda. Nakwambia mapema usishtuke: kidole kimoja kimekatwa hospitali, cha pili wamekiokoa. Ningeenda mapema nisingekipoteza, najua, usinisute.

Muuguzi wa huku naye yuko peke yake, macho mekundu. Nilimpa pole kabla hajanipa mimi.

Kwenye benchi mke wa fundi alinisogezea nafasi, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia sukari. Hakuniamini. Nikamwacha asiniamini.

Mama yako