Vidole vya Mrina Asali

Dar es Salaam, Agosti 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Kasulu? Mimi mzima, nakula vizuri, na kazi ya uuguzi chumba cha upasuaji naipenda, hata jasho la huku nimeshalizoea.

Mwezi wa tano tulimpokea mzee wa Kibondo, mrina asali, aliyeanguka mtini akishusha mzinga. Mgongo umevunjika, miguu ina ganzi, ila bado inacheza kidogo. Daktari akaamua kuufunga kwa skrubu. Kazi ya roho mkononi, Mama! Skrubu hupita kando kabisa ya mishipa ya fahamu. Ikikosea kwa upana wa punje ya mchele, mtu hatembei tena. Ndiyo maana kila tundu daktari hulipapasa kwanza kwa kijiti cha chuma, ajue kuta za mfupa hazijatoboka, kisha tunapiga eksirei. Skrubu zikishaingia zote, mgonjwa huzinduliwa kidogo palepale mezani, bila maumivu, aambiwe achezeshe vidole vya miguu. Siku moja kabla ya upasuaji tulimfundisha hayo kwa Kiswahili, akawa anaitikia tu, "Ndiyo, daktari." Si unawajua wazee wetu, hawabishani na mganga.

Siku yenyewe daktari akaita, "Mzee, chezesha vidole!" Havikucheza. Akaita tena. Wapi! Akashika bisibisi, tayari kuzitoa skrubu zote, akidhani zimegusa mishipa. Nilijuta, Mama. Mimi Muha mzima sikumfundisha Muha mwenzangu kwa Kiha, eti wenzangu wasinione mshamba! Nikainama sikioni pake, nikamwita Data kama ninavyomwita Baba, nikamwambia kwa Kiha. Mama wee! Vidole vyote kumi vikacheza. Nililia ndani ya barakoa.

Alipoamka akasema, "Nilisikia binti wa nyumbani ananifokea, nikatii." Siku hizi daktari hamgusi mgonjwa kabla sijauliza kwao wanaongea nini.

Nisalimie Baba, shangazi anayeuza maharage sokoni, na mdogo wangu anayefundisha Kabanga. Mwambie aache uvivu, aniandikie.

Barua hii sikuipeleka posta. Aliyekukabidhi ndiye yeye mzee mwenyewe, yuko njiani kurudi Kibondo. Nilimwambia achukue bodaboda toka stendi ya Kasulu hadi hapo nyumbani, akakataa katakata. Mpe kiti chenye egemeo, Mama, na akiinuka kuondoka, simama mlangoni umtazame anavyotembea.

Mwanao akupendaye,
Editha